Vumbi la Mume Halichafui

"Nani anakufulia nguo siku hizi?"

Mrefu alibaki mlangoni, mkono ungali kwenye kitasa. Hiyo ndiyo salamu aliyopokewa nayo na mchumba wake, Jumamosi alasiri, wiki tatu kabla ya ndoa.

"Nguo zipi?"

"Usinizungushe. Ovaroli yako ina wiki sita haijafika hapa."

Mchumba wake, Mshonaji, hakuinua macho kwenye cherehani. Alikuwa anapiga pindo la gauni lake mwenyewe la harusi, na alivyokuwa akikanyaga kwa hasira, uzi ulikatika mara mbili.

Msije mkasema mtoto wa watu ana wivu wa bure. Kiwandani kwa kina Mrefu wanatengeneza rangi ya ukuta isiyoshika uchafu, na ndani yake wanatia unga mweupe wanaouita nano. Punje zake ni ndogo mno, jicho haliioni hata moja. Ukirushwa hewani unaona kama moshi tu. Wafanyakazi wa pale walikuwa na desturi yao: kila Ijumaa mtu anapeleka ovaroli kwa mwandani wake akafuliwe. Ukifuliwa, wote wanajua una mwenyewe. Mshonaji alifua ya Mrefu miaka miwili. Alikuwa anaipeleka uani, anaikung'uta mpaka anapotelea kwenye ukungu mweupe, kisha anailoweka, na maji yake anamwagia mboga nyuma ya nyumba. Majirani wakimtania, anawajibu, "Vumbi la mume halichafui."

Ghafla ovaroli zikakoma. Mrefu akawa anakuja ametakata, nywele mbichi, ananukia sabuni isiyojulikana pale nyumbani. Akikumbatiwa anajivuta nyuma kidogo. Mwanaume anatoka kazini ameshaoga, hebu niambieni nyinyi mngewaza nini? Halafu jana yake alisahau simu mezani, na ujumbe ukaingia mbele ya macho ya Mshonaji: "Nguo zako nimeshaziloweka. Kesho uoge hapa kwanza kabla hujaenda kwake." Aliyetuma alihifadhiwa kwa jina la Mama Usalama.

"Mama Usalama ni nani?"

"Mtu wa kazini."

"Anakulowekea nguo kama nani wako?"

Mshonaji alikohoa. Ni kikohozi kikavu alichokuwa nacho tangu mvua zilizopita, naye alisingizia vumbi la vitambaa. Mrefu akamtazama kwa uso wa mtu aliyefiwa.

"Nipe mpaka Jumatatu jioni, nitakueleza yote," alisema, akaondoka.

Mshonaji hakuwa mtu wa kusubiri jioni. Jumatatu adhuhuri alivua pete, akaitia mfukoni, akafika getini kiwandani kumuulizia Mama Usalama. Njiani kote alikuwa amemchora: kijana, mweupe wa meno, kiuno cha nyigu. Aliyetoka alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, glavu mpaka kwenye viwiko, nyuma yake mashine ya kufulia inanguruma na ovaroli ishirini zinasubiri zamu. Kumbe ndiye msimamizi wa usalama wa wafanyakazi. Mshonaji akatamani ardhi ipasuke.

"Wewe ndiye Mshonaji? Afadhali umekuja, mwanangu. Namwambia kila siku akulete, anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Kikohozi chako."

Akamkalisha, akamweleza taratibu. Unga ule haukomei puani, unateremka mpaka chini kabisa kwenye mapafu, na kitambaa cha kujifunga usoni haukijali. Kukung'uta ndiko kubaya kuliko kote. Tangu mafunzo yaliyofanyika wiki sita zilizopita, ovaroli haivuki geti na maji yake yanaishia kwenye tangi, hayaendi mtaroni wala bustanini. Unadhuru kiasi gani, wataalamu bado wanabishana.

"Sasa sisi tusubiri wamalize kubishana?" aliuliza yule mama.

Mrefu akaingia. Akamwona mchumba wake, na kidole kitupu.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Mshonaji.

"Ningeanzaje? Nikwambie ulichonifulia kwa mapenzi huenda ndicho kimekukaa kifuani? Kila ukikohoa najiona mimi ndiye ninayekukaba. Nikajua ukisikia utaniacha." Akatoa kadi ya kliniki mfukoni, ya kupigwa picha ya kifua, imeandikwa jina la Mshonaji, leo saa tisa. "Nilitaka nikupeleke kwanza, nikueleze nikiwa na majibu."

Machozi yalimtoka Mshonaji bila sauti.

"Ile ovaroli yako ya zamani, iliyobaki kwangu chini ya kitanda, unaikumbuka? Hizi wiki sita nimekuwa naitoa kila siku. Naikung'uta, naiweka puani, nainusa. Nilikuwa natafuta harufu ya mwanamke."

Mrefu alikaa chini sakafuni, akafunika uso.

"Ungeniambia tu," alisema Mshonaji.

Saa tisa walikuwa kliniki, wameshikana mikono. Daktari hakuwapambia maneno. Picha haikuonyesha kovu, ila njia za hewa zimevimba. Arudi kila miezi sita, na kuahidi zaidi ya hapo asingeweza. Waliporudi, Mama Usalama alikuja na glavu zake, akailowesha ile ovaroli, akaifunga kwenye mfuko na kuondoka nayo. Mboga waling'oa zote. Pete ilirudi kidoleni siku hiyohiyo.

Ndoa ilifungwa kwa tarehe ileile, Mama Usalama akiwa shahidi wa bwana harusi. Mrefu alipoambiwa amkumbatie mkewe, mazoea yakamshika, akajivuta nyuma kidogo. Bi harusi akamkazia macho.

"Umeoga?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mama Usalama peke yake alivua miwani akajifuta macho.

"Nimeoga, mke wangu."

"Basi njoo."