Bolti ya Kopo la Breki

Kila alipotoka shule, Ngosa alivua sare, akala bukari, yaani ugali, kisha akaenda uwanjani kwa baba yake, Papa Mukuka. Pale mtaani Naviundu, Papa Mukuka na kijana aitwaye Kunda, ambaye Ngosa alimwita Yaya, yaani kaka, walifungua malori yaliyokufa ya migodini. Nyaya za shaba huku, alumini ya kuwauzia mafundi wa sufuria kule, chuma nyuma ya ukuta. Zamani nyaya zilichambuliwa na mama. Tangu mama afariki, kazi hiyo ilikuwa ya Ngosa.

Siku hiyo mikono yake ilikuwa mizito. Juzi alichomoa bolti ndefu iliyopachikwa ubavuni mwa kopo la breki la lori, akaipigilia ardhini nyuma ya nyumba afungie mbuzi. Sasa Papa alikuwa akiitafuta.

"Nani alitoa bolti ya hapa?"

Ngosa aliinamia nyaya zake, akaendelea kuzichambua. Fimbo ya Papa aliijua.

"Basi makopo ya breki yasiguswe," Papa alisema, akaenda kwa jirani kuomba nyingine.

Kunda akacheka. "Papa anaogopa kopo! Mukubwa wa ofisi ya mgodi anataka lori liishe leo. Ngosa, leta spana."

"Yaya Kunda, Papa amekataza."

"Weye iko mukubwa wangu?"

Ngosa akaleta. Kunda akalegeza mkanda wa kopo.

Mlio ulikuwa kama baruti ya mgodini. Kifuniko kilipita kando ya kichwa cha Kunda, kikamchana sikio, kikatoboa bati la paa. Springi nene iliyokuwa imebanwa ndani ilibingirika mpaka ukutani. Kunda alikaa chini, mdomo wazi, damu ikimchuruzika shingoni. Ngosa alitazama tundu la paa, akatazama kichwa cha Kunda.

Papa alirudi mbio.

"Papa, ni mimi," Ngosa alisema. "Bolti nimefungia mbuzi."

Papa hakushika fimbo. Alimpeleka Kunda dispensari akashonwe. Waliporudi, Ngosa aliing'oa ile bolti ya mbuzi, Papa akaipenyeza katika kopo la pili, akaikaza. Springi ikabanwa ndani, kifuniko kikatoka taratibu kama cha sufuria.

"Umeona?" Papa alisema. "Muntu aliyechora lori hili hanijui. Lakini alijua siku moja litakufa, na kuna atakayelifungua. Akamwekea bolti. Kitabu cha kueleza hayo kipo. Wakubwa wa ofisi wamekifungia kabatini, kisha wanatuambia tuharakishe. Mimi nilijua baada ya kopo kama hili kumuua rafiki yangu Laurent."

Ngosa alilia.

"Wao walificha kitabu, weye ukaficha bolti. Kosa la kuichukua lilikuwa dogo. Kunyamaza ndiko kungemuua Kunda. Ukikosea, sema palepale, hata kama unaogopa fimbo. Nami nilikataza bila kueleza, sawasawa na wao." Akamsogezea mkebe wa rangi nyekundu. "Mimi kuandika sijui vizuri. Weye andika ukutani, kila anayeingia asome: bolti kwanza."