Mhusika Amepinga

Mlio wa tatu haukumalizika. Ulikatika katikati, ukafuatwa na ule ukimya mpana unaokuja pale simu inapopokelewa na mpokeaji akaamua kusikiliza kwanza.

Karani wa Dawati la Wateja Waliofariki, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Cheti, aliitazama simu ya mezani kama mtu anavyokitazama kiti kilichosogea chenyewe. Kwa miaka sita alikuwa amewapigia marehemu wasiopungua elfu nne, na hakuna aliyewahi kupokea. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yao kubwa. Wateja wengine wa kampuni ya simu walikuwa wanatukana.

Kazi hiyo ilizaliwa na sheria. Sheria mpya ya taarifa binafsi ilisema hakuna laini itakayofungwa, wala taarifa za mtu zitakazofutwa, kabla mwenyewe hajaulizwa na kupewa nafasi ya kupinga. Bila shaka waliotunga sheria walikuwa wakiwafikiria walio hai, ila walisahau kuliandika hilo, na kampuni, iliyokwisha kung'atwa na mahakama mara mbili, ikaamua kutii kila neno kama lilivyo. Kwa hiyo familia ikishaleta cheti cha kifo, karani alipiga namba ya marehemu, na huku simu inaita, akatamka mbele ya kinasa sauti jina kamili la mteja na swali moja: je, unakubali taarifa zako zifutwe? Kisha akahesabu milio saba, akatia alama kwenye kisanduku kilichoandikwa "Hajapinga", akanywa chai.

Leo namba ilikuwa ya mdogo wake.

Kanuni za kazi zilimkataza karani kugusa jalada la ndugu yake. Lilipaswa kwenda kwa msimamizi, na mama yao alipaswa kuja mwenyewe, apewe namba ya foleni, akae kwenye viti vya plastiki chini ya tangazo la familia inayocheka, halafu ajaze fomu nakala tatu. Bi Cheti aliona huko ni kumzikisha mama yake mtoto yule yule mara ya pili. Tena wiki iliyopita kampuni ilikuwa imetuma ujumbe kwenye simu ya mama, ambayo marehemu aliiandikisha kama namba yake ya akiba: "Mteja wetu mpendwa, siku mia mbili hatujakuona. Tunakukumbuka. Rudi upate zawadi." Mama alikaa chini pale pale jikoni, akauliza taratibu, "Kwani hawa wamemwona wapi?"

Basi adhuhuri wenzake walipokwenda kula, Bi Cheti akalifungua jalada mwenyewe. Akatamka jina la mdogo wake, majina yote matatu, na swali, bila hata kukohoa. Tangu msiba hakuwa amelia. Alikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, unauona, lakini si wako.

"Sikubali," simu ikasema.

Ilikuwa sauti ya Kitinda. Mama yao alimwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo, na hakuna aliyewahi kumwita vingine. Kile kicheko kidogo cha pumzi kilichokuwa kikitangulia maneno yake nacho kilikuwapo. Kwenye vitundu vya mkono wa simu ikatoka harufu ya waya unaoungua, na nyuma yake harufu ya udongo uliotoka kumwagiwa maji. Bi Cheti alijua simu ya mdogo wake ilipo. Ilikuwa kwenye droo ya kabati la mama, ndani ya soksi, bila betri. Betri aliitoa yeye kwa mkono wake ilipoanza kuvimba.

Kompyuta, ambayo haikuwa na cha kushangaa, iliandika yenyewe kwa herufi kubwa: MHUSIKA AMEPINGA. Jalada likajifunga.

Mwanasheria wa kampuni aliisikiliza rekodi mara mbili huku akimenya karanga.

"Sauti ni yake?"

"Ni yake."

"Na una hakika amefariki."

"Nilikuwepo akifukiwa."

"Basi, dada yangu, tuna tatizo dogo. Sheria inasema mhusika akipinga, tunasimama. Haisemi mhusika awe mzima."

"Mfu anapingaje?"

"Hilo waulize watu wa dini. Mimi ni mtu wa vifungu." Akapuliza maganda mezani. "Lakini unaweza kukata rufaa. Bodi itaziita pande zote mbili ndani ya siku tisini."

"Pande zote mbili."

"Naye akishindwa kufika, shauri linaahirishwa. Hatuwezi kumhukumu mtu asipokuwepo. Hiyo ni haki ya msingi." Kisha akainua macho, akaongeza kwa sauti ndogo, "Ukitoka, nifungie hilo dirisha. Kuna kitu kinaungua hapa tangu uingie."

Kesho yake Bi Cheti aliomba ruhusa ya saa moja, akaenda nyumbani adhuhuri. Jua lilikuwa kali kiasi cha kuwanyamazisha kuku, lakini chumbani kwa mama mapazia yalikuwa yamefungwa. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, simu ya Kitinda sikioni, mfuniko wa nyuma umeachama na pale pa betri pakiwa patupu.

"Eeh, mwanangu," alikuwa akisema. "Eeh. Nakusikia." Akaifunika simu kwa kiganja. "Funga mlango, anasema kuna baridi."

"Mama, simu hiyo haina betri."

"Najua. Anaongea hivyo hivyo. Kitinda tangu zamani hakuwa mtoto wa makuu."

Bi Cheti aliichukua simu akaificha kwenye pipa la unga. Siku iliyofuata alimkuta mama ameshika rimoti ya televisheni sikioni. Aliichukua rimoti. Siku ya pili yake ilikuwa kopo la miwani. Kila adhuhuri, saa ile ile aliyouliza lile swali ofisini, kitu chochote ambacho mama angeweza kukiinamishia sikio kiliita, na mama alikipokea kwa uso wa mtu aliyekuwa akisubiri basi na sasa ameliona linakuja.

Akaacha kula. "Nikitafuna simsikii vizuri," alieleza, bila huzuni. Gauni likaanza kumning'inia kama limetundikwa msumarini. Jumanne akasema, "Alhamisi anakuja kunichukua. Adhuhuri. Ataniuliza kama nakubali, nami nitasema nakubali, basi."

"Akupeleke wapi?"

"Sikumuuliza. Mtu hamuulizi mwanawe maswali ya polisi."

Bi Cheti akalichukua lile kopo la miwani kutoka mkononi mwa mama akaliweka sikioni mwake, akitaka kuhakikisha kwamba ni bati tupu, na kwa muda lilikuwa bati tupu, kisha ndani kabisa, mbali, akasikia kama uwanja mkubwa ambamo watu wengi sana wamesimama bila kusema, na kati yao mmoja anatembea akija upande wake bila haraka, nyayo zake zikitoa sauti ya karatasi inayofunuliwa, ukurasa baada ya ukurasa, karibu, karibu zaidi, na ile harufu ya waya na udongo ikampanda puani hadi machozi yakamtoka, machozi ya moshi tu, hakuna jingine, mpaka nyayo zikasimama na pumzi yenye kicheko kidogo ikasema, "Dada, si zamu yako."

Mganga aliletwa na jirani Jumatano. Alikuja na mkoba wa kompyuta na fomu.

"Weka sahihi hapa kwanza," alisema. "Siku hizi hata sisi tunabanwa. Nikishika jina la mtu bila idhini yake, ni kosa."

Bi Cheti akaweka sahihi. Mganga akazunguka vyumba vyote, akanusa mapazia, akaligonga pipa la unga, akarudi sebuleni akakaa.

"Nyumba hii haina jini."

"Na anayeongea na mama?"

"Jini yuko kazini kwenu. Huku anapiga simu tu." Akafuta jasho. "Nieleze hiyo kazi yako. Usiruke kitu."

Alieleza. Alipofika kwenye jina kamili na lile swali, mganga alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Miaka sita," alisema. "Kila siku unaita jina la maiti mahali patupu, unauliza kama kuna mwenye neno, halafu unasubiri. Mwanangu, sisi huo ndio tunauita mlango. Hao hawaingii wasipoulizwa. Bahati yako hakuwa amepita yeyote."

"Mbona apite kwa Kitinda?"

"Maana wengine uliwaita kama karani. Huyu uliyemwita ni wako, hata kama ulijikausha. Kulikuwa na joto kwenye sauti, akalisogelea." Akaikunja ile fomu. "Aliyeingia kwa swali hutoka kwa swali. Kesho muulize tena, meza ile ile, simu ile ile. Atatoa masharti. Hao si waongo kama watu wanavyosema. Kila kitu wanakitaja. Basi msikilize mpaka nukta ya mwisho. Usikubali neno kabla hajamaliza. Nimewazika wateja watatu waliokuwa na haraka."

Alhamisi Bi Cheti alimwacha mama na jirani, akaenda kazini kama kawaida, akahudumia familia mbili kama kawaida. Saa sita wenzake wakatoka kula. Akapiga. Akatamka majina yote matatu na swali. Safari hii simu ilipokelewa kabla ya mlio wowote.

"Nilijua utarudi," ilisema sauti ya Kitinda. "Nyinyi ni watu wa taratibu. Nawapenda kwa hilo."

"Wewe si mdogo wangu."

"Sijasema ni mdogo wako. Uliuliza kama anakubali, nikajibu. Nilikuwa napita. Huku kwenye nyaya mmejaza maandishi, dada, masharti na vigezo, kurasa zisizo na mwisho. Kila mmoja wenu ameyakubali na hakuna aliyeyasoma. Mimi nimeyasoma yote. Mengine ni mazuri."

"Mwache mama yangu."

"Naye ninamuuliza sasa hivi. Subiri kidogo."

Nyuma ya sauti hiyo Bi Cheti akamsikia mama. Alikuwa akisema eeh mwanangu, nipo, nimeshavaa, kwa sauti nyepesi ambayo hakuwa nayo tangu Kitinda alipougua.

"Achia jalada," Bi Cheti alinong'ona. "Toka kwa mama, toka kwenye laini. Unataka nini?"

"Kidogo tu. Ninaondoka leo, simpigii tena mama yako wala mtu yeyote wa nyumba ile, na jalada linafutwa. Nawe unatimiza sehemu yako. Nikusomee?"

"Soma."

"Kifungu cha kwanza. Kufuta ni kufuta. Taarifa zote za mhusika zitaondolewa popote zilipohifadhiwa na mwombaji, kwa maandishi, kwa picha, au kwa njia nyingine yoyote, ikiwemo—" Sauti ilikuwa ikisoma taratibu, kama mtu anayefurahia chakula, na chini yake sauti ile ile, kwa wakati ule ule, ilikuwa ikimuuliza mama swali fupi, na Bi Cheti, ambaye aliyakumbuka maneno ya mganga yote, hadi nukta ya mwisho, akasikia mama akivuta pumzi ya kujibu, akasikia mate yakimezwa, akasikia mwanzo wa neno, ule mdomo unapojiandaa kulitamka.

"Nakubali," Bi Cheti alisema.

"Sijamaliza."

"Nimesema nakubali."

"Haya," ilisema sauti, na kama si kuwa jambo lisilowezekana, mtu angedhani imesikitika. "Hata wewe."

Laini ikakatika. Kompyuta ikaandika: HAJAPINGA. Jalada likafunguka, likajimwaga, likabaki kurasa nyeupe. Dirishani iliingia harufu ya kawaida ya moshi wa magari na vitunguu vya mkahawa wa ng'ambo. Bi Cheti akatia alama kwenye kisanduku, kisha akaomba ruhusa.

Alimkuta mama jikoni na mkate mkononi. Alikuwa anakula na kulia kwa pamoja, kilio cha kifua kizima, makombo yakimdondokea gaunini, na jirani amesimama nyuma yake akimpapasa mgongo.

"Alikatika," mama alisema. "Nilikuwa nafungua mdomo, akakatika. Nimeita, nimeita. Amekwenda, mwanangu. Safari hii amekwenda kweli."

"Kula, mama."

"Nakula." Na kweli alikuwa anakula. Akaumega mkate, akaushusha kwa chai, rangi ikaanza kumrudia usoni. Bi Cheti alimtazama na kujua kwamba leo amefanya jambo kubwa, ingawa kila alipojaribu kulishika lilimteleza. Alikumbuka alikuwa na haraka. Alikumbuka mama alikuwa hatarini, na kwamba hatari imepita.

Mama akajifuta kwa upindo wa khanga, akatoa picha kifuani, imelowa pembeni. "Tazama alivyokuwa anacheka," alisema. "Siku ile ulimchokoza wewe."

Bi Cheti aliipokea. Ilipigwa mlangoni pa nyumba hii hii. Alijitambua mara moja, gauni la kijani, kandambili. Begani kwake palikuwa na mkono wa kijana mwenye masikio makubwa kidogo, uso mzuri, mdomo uko katikati ya kicheko. Aliutazama kwa makini, kwa adabu, kama anavyotazama picha zote wanazomletea. Halafu akavuta kiti, akakaa karibu, akaushika mkono wa mama kwa ule upole uliokwisha kuzifariji familia elfu nne.

"Pole sana, mama," alisema. "Marehemu alikuwa nani wako?"