Bonyeza Mara Moja, Matilda

Jumanne, tarehe 14 Machi 1978, saa mbili asubuhi, niliita vituo vyote vya misheni kama kawaida, na kituo cha mdogo wangu hakikuitika.

Wakati huo redio koli ilikuwa nyumbani kwangu, Ipogolo, Iringa. Paa la ofisi ya parokia lilikuwa linavuja, hivyo Padri alinituma mimi katekista niihamishie sebuleni kwangu mpaka mvua ziishe. Ilikaa mezani, kando ya cherehani ya mke wangu, ikitumia betri ya gari iliyowekwa chini ya kiti. Kila asubuhi niliita kituo kimoja baada ya kingine. Kila kituo kiliitika, tukaulizana habari za wagonjwa, dawa na magari.

Mdogo wangu Matilda alikuwa mkunga wa zahanati ya Ilongwa, bondeni Usangu, upande wa Mbeya. Aliolewa na Mihayo, mfugaji aliyehamia kule na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Jana yake Mihayo alikuwa ameswaga mifugo kwenda mwinukoni kwa sababu mto ulikuwa unafurika. Matilda alibaki. Naye alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa zimefika. Tulikuwa tumepatana kwamba nikimwita, ataniambia kama gari limfuate.

"Ilongwa, Ilongwa, hapa Iringa. Unanipata? Ova."

Nilipata mikwaruzo tu, kama mtu anayekaanga bisi.

Nilikaza nyaya za betri. Bado. Nikatoka nje kutazama antena, nikaukuta waya wake umelegea kwa uzito wa kanga mbichi.

"Mama Kasian! Umeanika nguo juu ya sauti za watu?"

"Sasa na mvua hii nizianike wapi, Baba Kasian? Juu ya upara wako?"

Nilicheka. Ndicho kicheko changu cha mwisho siku ile.

Niliukaza waya, nikarudi mezani, nikaita. Kimya. Taa ya redio ilikuwa inafifia, betri inakata roho. Niliita mpaka koo likakauka. Mke wangu aliacha kushona, akashika rozari.

Kisha nikasikia. Tak.

Niliufahamu mlio ule. Tangu mvua zianze, kipaza sauti cha Matilda kilikuwa kimeharibika. Sauti yake haikupita, ila kitufe kikibonyezwa tulikisikia. Tukazoea hivyo: mimi nauliza, yeye anabonyeza. Mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana.

"Matilda, ni wewe?"

Tak.

"Asante Yesu! Uchungu umeanza?"

Tak.

"Umeshajifungua?"

Tak.

Mke wangu alipiga kigelegele kifupi, akajiziba mdomo.

"Mtoto mzima?"

Tak.

"Na wewe, mdogo wangu? Wewe mzima?"

Tak. Tak.

Nilimwita Danieli, dereva wa misheni. Alikuwa kwenye barabara kuu upande wa Usangu, na Landrover yake ilikuwa na redio ndani.

"Danieli, nenda Ilongwa sasa hivi. Matilda amejifungua na hali yake si nzuri. Ova."

"Katekista, mto umemeza barabara. Unataka nigeuke kambale? Nani kakuambia amejifungua?"

"Yeye mwenyewe. Naongea naye hapa. Humsikii akibonyeza?"

"Nakusikia wewe tu, Katekista."

Nikasikia akizima injini.

"Muulize nipite wapi," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Hakutania tena.

"Matilda, apite kivukoni?"

Tak. Tak.

"Apite juu, kwenye tuta la mashamba ya mpunga?"

Tak.

"Danieli, anasema upite kwenye tuta."

"Haya," alisema Danieli. "Naenda. Usiache kumuuliza."

Mchana betri ilikufa kabisa. Taa ilizimika, mikwaruzo ikakatika. Nilikimbia kwa jirani yangu Yotamu, nikamsihi anipe betri ya lori lake. Nikarudi nayo begani, asidi inanitoboa shati. Nilipiga magoti chini ya kiti, nikazichomoa nyaya zote mbili kutoka kwenye betri ya zamani. Nilikuwa nimezishika hivi, moja mkono huu, nyingine mkono huu.

Tak.

Sikusogea.

"Baba Kasian," mke wangu alinong'ona. "Nyaya unazo mkononi."

Tak.

Sikuwa nimeuliza kitu.

Nilitazama redio. Ilikuwa imezimika.

"Matilda. Unataka gari liharakishe?"

Tak. Tak. Tak. Tak. Haikukoma. Ilienda mbio kama moyo wa mtu anayekimbizwa. Mke wangu alipiga magoti, akaanza kusali. Halafu ikakatika.

Niliunga betri ya Yotamu. Niliita. Nilibembeleza. Nililia. Hakuna kilichojibu.

Jua lilikuwa linashuka Danieli aliponiita.

"Katekista. Mtoto ninaye. Wa kike. Tumemkuta juu ya kabati la dawa, amefungwa kitenge. Maji yalikuwa yamebakiza kiganja kimoja kumfikia."

"Na Matilda?"

"Katekista, keti."

"Nimeketi. Sema."

"Amekauka, Katekista. Mama Ngolo, jirani yake, anasema huyu amekufa tangu usiku. Redio iko chini ya maji, na yeye ameshika kipaza sauti."

Danieli akaendelea, polepole, kama mtu anayeungama.

"Halafu kuna jambo. Betri ya redio yake ninayo mimi, hapa garini. Niliichukua jana mchana kuichaji. Asubuhi uliposema unaongea naye, nilikuwa nimeiwekea mguu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeacha kumuuliza."

Tulimzika Ipogolo. Wanawake waliomwosha walisema kidole gumba cha mkono wa kulia kiligoma kunyooka. Walikikanda kwa maji ya moto, kikagoma. Katika nyama yake palikuwa na alama ya duara, iliyozama, ya kitufe. Wapo waliosema ni uchawi. Mimi sikubishana na mtu.

Mtoto tulimbatiza Helena. Tunaye; baba yake alituachia tumlee. Redio imerudi ofisini, na zahanati ya Ilongwa imefungwa, haiitwi tena. Lakini kila asubuhi, nikifika pale jina la Ilongwa lilipokuwa kwenye orodha, pana mlio mmoja. Vituo vingine havijawahi kuusikia.

Wiki iliyopita nilijipa moyo. Nilikuwa peke yangu.

"Matilda, umepumzika?"

Tak. Tak.

Ee Bwana, nakuomba kwa ajili ya mtumishi wako Matilda, aliyekufa peke yake ndani ya maji. Umfungue mkono. Umwambie gari lilifika. Umwambie mtoto ameanza kutembea, na ana meno manne. Sisi tumemwambia, labda yeye hatusikii. Wewe anakusikia. Mpe pumziko, Bwana. Amina.