Mzani wa Tingatinga

Ukitaka kucheka, cheka sasa. Havyarimana, fundi wa mashine, alitusimulia mwenyewe, naye si mtu wa maneno mengi.

Mchana mmoja wa vita alikuwa Kalundu, bandarini, ndani ya depo yenye giza, akitafuta kwa nini tingatinga kuukuu la kupakia mchanga halipeleki uzito wa mzigo kwenye ekrani, kile kioo cha namba mbele ya dereva. Mwenye mali alitaka kuliuza kabla waasi hawajafika. Hakusema huko lilikotoka lilibeba nini.

Havyarimana akachomoa waya wa mzani. Waya ukitoka, ekrani husoma sufuri. Ndivyo mafundi wanavyopima.

Risasi ikalia upande wa mtaa wa Mulongwe. Ekrani ikaandika kilo sitini. Ikalia nyingine, namba ikapanda, kama maiti imetupwa juu ya maiti. Ndoo ya mbele ilikuwa tupu, na waya alikuwa ameushika mkononi.

“Weye Lionel, iko nini kule inje?” akamwuliza mwenzake mnene aliyelinda mlango.

“Hakuna kitu. Wamepita. Minye niko hapa.”

Milio ikakoma. Matairi yakaguna, yakididimia udongoni. Namba ikapanda tena bila risasi, na safari hii ikapanda sana, kilo mia na ishirini kwa mara moja.

Havyarimana akafungua kinywa amwite Lionel. Ndipo risasi ikalia, pale mlangoni.