Kinanda Chenye Vibao Vizito

Kila siku alipotoka shule, Pascalia alivua sare, akateka maji kioskini, kisha akatakiwa kuketi mezani kwa nusu saa. Juu ya meza palikuwa na ubao mrefu. Baba yake, Kioko, alikuwa ameuchorea kwa rangi vibao vyeupe na vyeusi, mfano wa kinanda.

Kinanda chenyewe hakikuwapo. Kile cha kanisa lao pale Chaani kilikuwa kimeliwa na mchwa, na waumini walikuwa wakichanga wanunue kingine. Mwalimu Philister, mama mstaafu aliyemfundisha Pascalia tangu akiwa na miaka tisa, alimwagiza azoeze vidole vyake juu ya ubao ule visije vikalegea.

Wiki ya kwanza Pascalia alijitahidi. Lakini ubao hauimbi, na nje wenzake walikuwa wakicheza kati, wakikwepa mpira kwa vigelegele. Siku moja akaacha, ya pili akaacha, hatimaye ubao ukawa pa kuanikia soksi. Kila Jumapili Mwalimu alipouliza, "Mazoezi yanaendelea, mwanangu?" yeye alijibu, "Ndiyo, Mwalimu," huku akitazama chini.

Miezi sita ikapita, mchango ukatimia. Kwa bahati mbaya, Mwalimu Philister alikuwa ameteleza bafuni na kuvunjika mguu, hawezi kutoka. Akawaita Kioko, aliyekuwa mwenyekiti wa kwaya, na Pascalia.

"Msidanganyike na taa," aliwaambia akiwa kitandani. "Tafuteni kinanda cha umeme chenye vibao vizito, kama vya piano hasa. Ukikigusa taratibu kinong'one, ukikigonga kipaze sauti. Tena kiwe cha kubebeka, maana kila Jumatano kitapelekwa kwenye ibada ya Kipevu. Pascalia, mimi natumainia vidole vyako."

Jumamosi wakavuka hadi mjini, kwenye duka la Mzee Rashid.

"Shikamoo," Pascalia aliamkia.

"Marahaba, binti yangu. Karibuni, starehe."

Mzee Rashid aliwaonyesha vinanda viwili. Cha kwanza kilikuwa chepesi, kipya, kina taa nyekundu na kijani. Pascalia alikigusa kwa kidole kimoja tu, ngoma zikaanza kujipiga zenyewe, Kioko akacheka kwa furaha. Cha pili kilikuwa cheusi na kirefu, hakina pambo lolote. Mzee Rashid alikuwa amekinunua kwa mpiga muziki wa hoteli moja ya Bamburi.

"Hiki hakina mbwembwe," alisema akikipangusa, "lakini wallahi, kina adabu."

Pascalia akaanza wimbo aliouzoea. Vibao vilikuwa vizito kweli, na vidole vyake, vilivyokaa miezi bila kazi, vikakataa. Kidole cha nne kikapinda. Cha mwisho kikateleza. Wimbo ukatoka umekatikakatika, jasho likamchuruzika shingoni.

"Vipi?" baba yake aliuliza.

Angesema nini? Kwamba hakufanya mazoezi?

"Ni kibovu, baba. Vibao vimekwama."

Mzee Rashid alishangaa. "Vimekwama? Jana nimevisafisha kimoja kimoja!"

"Niwie radhi, mzee wangu," Kioko alisema kwa upole. "Elimu hii ni yake. Mimi kazi yangu ni makontena." Wakakubaliana kukifuata kile chepesi Jumatatu.

Walipitia nyumbani kwa Mwalimu kumpa habari. Pascalia alitarajia kwamba ataulizwa maswali mengi, labda hata kukaripiwa. Lakini Mwalimu alisikiliza tu, akatikisa kichwa.

"Kama ni kibovu, hamna budi. Tushukuru kwa kilichopatikana." Kisha akachomoa karatasi chini ya mto. "Tazama, Pascalia. Hawa ni watoto sita wanaotaka kujifunza. Nguvu zangu si za jana. Nitawaanzisha mimi, nawe utanisaidia kuwaendeleza."

Pascalia aliyasoma majina yale. Wa mwisho alikuwa Achieng, mtoto wa jirani, aliyekuwa na miaka saba tu. Angemfundisha nini kwa vidole hivi?

"Mwalimu, hakikuwa kibovu," alisema, machozi yakimtoka. "Vibao havikukwama. Ni vidole vyangu. Sikufanya mazoezi. Nilikuwa nakudanganya kila Jumapili."

Kioko alisimama ghafla. "Pascalia! Umenifanya niitilie dosari mali ya mzee wa watu?"

"Mwache kwanza, baba Pascalia," Mwalimu alisema. Akamvuta mtoto karibu, akaishika mikono yake miwili, akaikanda kidole kimoja kimoja kama anayetafuta panapouma. "Ulipokigusa taratibu, kilinong'ona?"

"Kilinong'ona, Mwalimu."

"Basi Jumatatu utakwenda kumwambia Mzee Rashid hivyo. Wewe mwenyewe, kwa kinywa chako."

Jumatatu jioni Pascalia alisimama mbele ya Mzee Rashid, baba yake akiwa nyuma, akaomba radhi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kiti.

"Nimekusamehe. Sasa keti, ukipige polepole. Hapa hapana anayekukimbiza."

Siku hiyo yeye na baba yake walikibeba kinanda cheusi, mmoja huku na mwingine kule, hadi Chaani. Tangu hapo, kila jioni Pascalia alifanya mazoezi kanisani. Vidole viliuma, akapumzika, akarudi tena.

Baada ya miezi miwili Mwalimu Philister alikuja ibadani akitembelea mkongojo, akaketi benchi la mbele. Pascalia akapiga. Ubeti wa kwanza ulitoka laini kama pumzi. Katika wa pili kidole cha nne kikateleza, lakini hakusimama; aliendelea mpaka kwaya ikamaliza.

Watu walipotoka, Mwalimu akamwita.

"Nimesikia ulipokosea."

"Hata mimi, Mwalimu. Ni kidole cha nne. Bado ni kinyonge."

Mwalimu Philister akatabasamu, akamkumbatia kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye mkongojo.

"Kidole kinyonge hukazwa kwa mazoezi, mwanangu, na kosa likisemwa hupata wa kulitengeneza. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Haya, mwite Achieng tuanze."