Kidole Gumba cha Kisilu

Nyu, nyu, nyu. Gizani, kitandani, Mutindi alimsikia bintiye Kaluki akinyonya kidole gumba. Sauti hiyo humchekesha siku zote. Alfajiri hii alijifunika shuka masikioni, kwa sababu ya alichokiona jana sokoni Tulia.

Alikuwa akichagua nyanya, amevaa gauni lake la kijani la kanisani, alipogongana bega na Kisilu, mchumba ambaye yeye mwenyewe alimwacha miezi mitatu iliyopita. Kijana huyo wa mashati ya mikono mifupi sasa alivaa koti zito, joto lote lile, mkono wa kulia mfukoni.

"Mwalimu," akasema Kisilu. Ndivyo alivyomwita tangu Mutindi aanze kwenda masomo ya jioni. "Bado unapenda nyanya ngumu?"

"Na wewe, bado unapenda pombe?"

"Sijawahi kuionja. Unajua."

"Nilisoma kwa macho yangu. Uliweka kidole."

Kisilu akautoa mkono polepole. "Kidole gani, Mutindi?"

Kidole gumba hakikuwepo. Cha pili pia. Palibaki ngozi nyekundu, imekunjamana, inameremeta.

"Kilibaki kwenye mashine siku ile ya ajali. Hospitalini nililala wiki tano nikikungoja."

Mutindi akaziacha nyanya juu ya gunia, akaondoka bila kuaga.

Wote wawili walikuwa wameajiriwa kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Msimamizi, Gicheru, alikuwa ameng'oa kifuniko cha meno ya mashine ili kazi iende mbio. Mkono wa Kisilu uliponaswa, damu ilipanguswa kwa gunia, wafanyakazi wakaambiwa ni mkwaruzo tu, na mashine ikawashwa tena kabla ya chakula cha mchana. Kesho yake karatasi ikabandikwa mlangoni: Nilikuja kazini nimelewa, kosa ni langu. Chini yake palikuwa na alama ya kidole gumba cha kulia. Wengi hawakujua kusoma, wakamwita Mutindi. Naye akawasomea neno kwa neno, kifua mbele. Jioni hiyo akamwambia baba yake awarudishe mbuzi wa uchumba.

Kulipopambazuka alifika kiwandani, akaibandua karatasi, akaingia nayo ofisini. Gicheru alikuwa akichovya mkate kwenye chai, kidevu kikimetameta siagi.

"Rudisha hiyo mlangoni, Mama Kaluki."

"Hiki kidole ni cha nani?"

"Cha Kisilu. Si ulisoma mwenyewe?"

"Alikatwa tarehe kumi na moja. Hii ni ya kumi na mbili. Alikitoa wapi?"

Gicheru akamgeukia karani wake, Wahome. Wahome akaficha mkono nyuma ya mgongo.

"Unaitaka kazi yako?" Gicheru akauliza, makombo yakimdondoka. "Ule ni mkono tu. Wewe una mtoto."

Mutindi akaikunja karatasi mara mbili. "Hata hewa ya humu inanuka," akasema, akaitia ndani ya daftari lake.

Jioni alimkuta Kisilu uani kwao, akipukuchua mbaazi kwa mkono wa kushoto. Kaluki alimfuata mama yake nyuma.

"Afisa wa kazi wa serikali amebaki na ile karatasi," Mutindi akasema. "Anakutaka Jumatatu. Uende na huo mkono, usiufiche."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi ndiye niliyewasomea, Kisilu. Nilipaza sauti ili nisifiwe. Ninajionea kinyaa."

"Niliambiwa ulisoma vizuri sana."

"Usinitanie."

"Nisipokutania wewe nimtanie nani, mwendwa, mpenzi wangu?" Akasukuma mbaazi kando. "Wale mbuzi bado wapo. Mmoja amezaa. Nikiwaleta tena, baba yako atafungua mlango?"

Mutindi akakaa chini kando yake, akaushika ule mkono kwa mara ya kwanza.

Kaluki akasogea, akautazama kwa muda mrefu. Akatoa kidole chake mdomoni, kimelowa mate, akakiweka pale penye pengo.

"Tutatumia changu," akasema.