Mkono Mgongoni mwa Lisetta

Saa sita ya mchana, katika kijiji kimoja cha milimani karibu na Benevento, hata kuku hunyamaza. Madirisha hufungwa. Watu hula tambi zao, hunywa kahawa kidogo chungu, kisha hulala. Anayebaki nje ni mjusi, au mwendawazimu, au Kalina.

Kalina alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Bulgaria. Chuo chake cha kilimo kilimpeleka Italia kujifunza kazi ya bustani kwa vitendo. Alipangiwa kwa Bi Ersilia, mwenye kitalu cha mimea ya harufu. Nyumba hiyo ilikuwa na watu watatu: Bi Ersilia, mama mkwe wake Bibi Orsola, na Lisetta, mtoto wa miaka minne mwenye maneno ya mtu wa arobaini. Baba wa mtoto aliendesha lori nchi za mbali. Nyumbani alionekana kama mgeni wa sikukuu.

Mwezi huo kazi ilikuwa nyingi. Sikukuu ya Mtakatifu Yohana ilikaribia, na kila nyumba hutaka fungu la mimea la kutundika mlangoni. Fungu lisilo na ruta halinunuliwi. Ruta ni kichaka kifupi chenye majani ya rangi ya kijani na buluu. Harufu yake ni kali, hukaa puani kama mgeni asiyejua kuaga. Watu wa huko huamini kwamba ruta hufukuza jicho baya. Hufukuza pia janara.

"Janara ni nani?" Kalina aliuliza.

"Mchawi," alijibu Bibi Orsola. "Hupita chini ya mlango kama upepo. Huwabana watoto waliolala. Asubuhi unakuta alama za vidole."

"Bibi umewahi kumwona?"

"Nilimwona mama mkwe wangu. Ilitosha."

"Mimi namwona wangu kila siku," alisema Bi Ersilia, na wote wakacheka.

Kalina alichukua glavu ili aanze kukata. Bibi Orsola akampigia kelele.

"Weka chini hizo! Ruta haikatwi kwa glavu. Inanuna. Inaisha nguvu."

Kalina akaweka glavu chini. Alikuja kujifunza, na mwanafunzi habishani na bibi aliyeshika kisu.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Alikata ruta mchana kutwa, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Utomvu ulimlowanisha viganja na mikono. Haukuwasha. Haukuuma. Lisetta alikuwa akicheza na mpira wa kumwagilia, amevaa kigauni kilicho wazi mgongoni.

"Kalina, nibebe! Mimi ni ndege!"

Kalina akamnyanyua hivyo hivyo, kiganja kimoja mgongoni, kingine chini ya miguu, juu ya kigauni. Akamzungusha. Walilowa, wakacheka, wakabaki juani mpaka nguo zikawakaukia mwilini.

Jumanne ilipita bila neno.

Jumatano asubuhi Bi Ersilia alikuwa anamvalisha mtoto. Ghafla akaacha. Kalina alikuwa jikoni.

"Mama," Bi Ersilia aliita polepole. "Njoo uone."

Mgongoni mwa Lisetta kulikuwa na mkono. Haukuwa doa lililofanana na mkono. Ulikuwa mkono kamili: kiganja, kidole gumba, vidole vinne. Ulikuwa mwekundu, na pembeni umeanza kutoa malengelenge.

"Nani kakupiga, mwanangu?"

"Hakuna," alisema Lisetta. "Mbona mnanong'ona nyuma ya mgongo wangu?"

Bibi Orsola hakuuliza kitu. Alichukua ufagio akaulaza kizingitini. Janara akikuta ufagio, lazima ahesabu nyuzi zake zote kabla ya kuingia, na alfajiri humkuta bado anahesabu. Kisha akatwanga ruta katika mafuta ya zeituni. Akampaka mtoto mabegani, huku akichora misalaba kwa kidole gumba na kunong'ona maneno yake.

Baada ya hapo mtoto aliachiwa. Nani angemzuia Lisetta ndani siku ya jua kama ile? Akaenda kucheza. Bibi Orsola akakaa kibarazani, juani, akimenya maharage.

Kalina alirudi shambani amevaa mikono mirefu. Joto lilikuwa la kuchemsha mayai. Hakuna aliyemuuliza kwa nini amejifunika, naye hakusema. Chini ya shati, mikono yake ilikuwa na michirizi myekundu na malengelenge kama ya mtoto. Aliogopa. Wangedhani ana ugonjwa. Wangemrudisha kwao bila cheti. Akanyamaza, na kunyamaza huko nusura kumponze.

Ijumaa asubuhi kikombe kilianguka jikoni kikavunjika. Kilikuwa cha Bibi Orsola. Alikuwa amesimama nyuma ya mjukuu wake, mdomo wazi.

Kwenye mabega ya Lisetta kulikuwa na misalaba. Miwili, myekundu, imefura kama iliyochorwa kwa moto.

"Ananidhihaki," alisema Bibi Orsola. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimempiga kwa msalaba, naye ameniandikia msalaba."

Siku hiyo hakuna aliyetania. Majirani walikwishasikia, na mgeni katika nyumba ile alikuwa mmoja tu. Mwanamke mmoja alifika kununua mche wa mrehani. Alipomwona Kalina, akamvuta mwanawe nyuma ya sketi yake.

Mchana kijiji kikalala. Jua lilikuwa jeupe. Hakukuwa na upepo, lakini ule ufagio wa kizingitini ulikuwa umesogea kidogo. Labda paka alipita. Kalina aliuruka bila kuugusa. Bibi alikuwa amemwagiza ampelekee mtoto maji.

Lisetta alikuwa amelala kifudifudi. Chumba kilikuwa na giza la mchana, mstari mmoja tu wa mwanga umepenya dirishani. Mstari huo ulikuwa umeangukia ule mkono. Sasa alama hiyo ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya kahawia.

Kalina alisogea. Kisha akaona kitu ambacho hakukiona siku ya kwanza. Kidole cha mwisho, kile kidogo, kilikuwa kimepinda.

Alitazama mkono wake wa kulia. Alipokuwa mdogo, lango la zizi lilimbana kidole kidogo. Kilipona kikiwa kimepinda.

Akaushusha mkono polepole juu ya mgongo wa mtoto, bila kugusa. Kiganja kikaenea juu ya kiganja. Kidole juu ya kidole. Hata kile kilichopinda.

Hakumpiga mtoto. Angekumbuka. Au je? Usiku alilala fofofo kwa uchovu. Je, aliamka? Je, miguu yake ilitembea bila yeye? Kwa mara ya kwanza maishani Kalina alijiogopa mwenyewe.

"Toa mkono wako hapo."

Bi Ersilia alikuwa amesimama mlangoni. Aliuona mkono juu ya alama. Aliona jinsi vilivyolingana.

"Bi Ersilia, mimi..."

"Funga mizigo yako. Basi la asubuhi usilikose. Na ushukuru baba yake hayupo."

Kalina alianza kulia. Kisha akaacha. Akakunja mikono ya shati, yote miwili, mpaka juu.

"Tazama na mimi. Mkono ule ni wangu, hata mimi nimeona. Lakini sikumpiga. Kama nilimpiga, nani alinipiga mimi? Nipeleke kwa mtu anayejua. Akisema ni mimi, nitaondoka hata kwa miguu."

Bi Ersilia aliitazama michirizi ile kwa muda mrefu. Akamwamsha mtoto.

Duka la dawa lilipofunguliwa, wote wanne walikuwa mlangoni. Mfamasia aliitwa Gerardo, mtu mnene mwenye subira, aliyezoea kusikiliza kijiji kizima kikikohoa. Alitazama mgongo wa Lisetta. Akatazama mikono ya Kalina. Hakucheka.

"Hii misalaba," aliuliza, "nani alichora?"

"Janara," alisema Bibi Orsola.

"Sawa, Bibi. Lakini kabla yake, nani aliweka kidole hapa?"

Bibi Orsola akasita. "Mimi. Na ruta katika mafuta. Jumatano."

"Nipe mkono wako."

Bibi alisita tena, kisha akautoa. Ubavuni mwa kidole gumba, mpaka kwenye kifundo, palikuwa na lengelenge refu.

"Hili nimeungua na sufuria," alisema haraka.

"Sufuria gani? Wewe mwaka huu hujapika, anapika mkweo," alisema Gerardo. "Kila aliyeshika ruta ana alama. Na kila palipoguswa na mkono wenye ruta pana alama. Binti, Jumatatu ulimbeba mtoto?"

"Ndiyo. Tulicheza na maji."

"Juani?"

"Juani."

Gerardo akavuta kiti. "Basi sikilizeni. Utomvu wa ruta peke yake haukuunguzi. Jua peke yake halikuchori vidole. Vikikutana juu ya ngozi ndipo ngozi huungua. Tena haiungui pale pale. Hungoja siku moja, hata mbili. Ndiyo maana hamkumjua mwizi. Alipokuja kuonekana, nyinyi mlishasahau Jumatatu. Ukiwa umelowa maji, huzidi."

"Mbona kiganja changu hakina kitu?" Kalina aliuliza.

"Ngozi ya kiganja ni nene, na kiganja hutazama chini. Jua halikifikii sana."

Bibi Orsola alikunja uso. "Maisha yangu yote nimekata ruta mikono mitupu. Sijawahi kuungua."

"Ulikuwa unaikata saa ngapi, Bibi?"

"Kabla jua halijatoka. Ndivyo tulivyofundishwa. Mwaka huu watu wametaka mafungu mengi, ndiyo maana..." Hakumalizia. Alimgeukia Kalina. "Nikakukataza na glavu."

Bi Ersilia alimvuta Lisetta karibu naye.

"Tunafanyaje sasa?" aliuliza Bi Ersilia.

"Malengelenge msiyapasue. Wekeni kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Mtoto avae nguo ya kufunika mgongo, asitoke juani. Mafuta yenye ruta, hapana. Na kwa kuwa ni mdogo, leo hii mpelekeni kwa daktari amwone. Mtu akipata malengelenge makubwa, au homa, au utomvu ukiingia jichoni, asingoje kabisa. Na siyo ruta tu. Utomvu wa mtini hufanya hivyo. Hata maji ya ndimu: ukikamua ndimu halafu ukakaa juani bila kunawa, utajichora mwenyewe."

Njiani kurudi kutoka kwa daktari, Bi Ersilia aliendesha gari. Karibu na nyumba alisema, "Lile basi la asubuhi, liache liende."

"Ndiyo, Bi Ersilia."

"Na kesho, mtu akimvuta mtoto wake mbele yako, niite. Nitamwonyesha kidole cha mama mkwe wangu."

"Ala! Kidole changu kimekuwa sinema?" alifoka Bibi Orsola. Lakini kesho yake alikitoa mwenyewe. Alikaa langoni akimwonyesha kila mteja, na kila alipokisimulia, lengelenge lilizidi kukua.

Kazi ya kitalu ilibadilika. Ruta ilikatwa alfajiri, kwa glavu na mikono mirefu. Sabuni na ndoo viliwekwa kando ya vichaka. Aliyetoka kukata alinawa mpaka kwenye viwiko kabla ya kushika kitu chochote, hasa mtoto. Kila fungu lililouzwa lilitolewa na onyo: litundike, usilipake. Sikukuu ilifika, mafungu yakaisha, na hakuna aliyeungua tena. Kalina alimaliza mafunzo yake na kupata cheti.

Malengelenge ya Lisetta yalipona bila kovu, lakini doa halikuwa na haraka. Gerardo alisema lingechukua wiki nyingi, labda miezi, kufifia. Siku ya kuondoka, mtoto alimkumbatia Kalina kibarazani, kisha akageuka kukimbilia kwa bibi yake. Kigauni kilimteleza begani. Kalina akauona mkono wake mwenyewe, wa kahawia, wenye kidole kilichopinda, ukienda zake mgongoni mwa mtoto mpaka ukaingia ndani ya nyumba.